Geti la Fundi Kesho

Tanuri la moshi la kuivishia nyama, la pipa la chuma, ambalo lingemalizika kwa wiki mbili lilikuwa limefikisha wiki saba, na mtaa mzima ulikuwa umeshachoka kuuliza kwa nini. Fundi mwenyewe aliitwa Fundi Kesho tangu zamani, kwa hiyo aliyetaka kumtetea hakuwa na pa kuanzia. Ila safari hii hata majirani waliona kuna jambo, kwa sababu mwenye tanuri hakununa hata siku moja. Alifika karakana kila jioni akitoka kazini, akalizunguka lile pipa mara mbili, akaligonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akasema limekaa vizuri sana, lakini je, haliwezi kuongezwa kitu kidogo?

Huyo alikuwa binti aitwaye Kuni. Jina la nyumbani analo, ila mtaani lilishasahaulika tangu siku alipoanza kupita na mzigo wa matawi ya mpera begani, akiokota kila ulipokatwa mti. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni, ana miaka thelathini na moja, na kwa siku sita za wiki alikaanga mayai ya watu waliokuwa na haraka. Moyo wake ulikuwa kwenye nyama isiyo na haraka: kidari cha ng'ombe kinachokaa ndani ya moshi tangu alfajiri mpaka alasiri, kikitoka kinakatika kwa uma. Alikuwa amekipika mara chache nyuma ya nyumba yao, ndani ya debe bovu, na kila mara harufu ilileta wageni wasioalikwa.

Wiki ya tatu aliomba kulabu ya kutundikia koleo. Wiki ya nne aliomba kipimajoto kishushwe kutoka juu ya mfuniko, kikae usawa wa nyama, na hilo lilikuwa la maana kweli. Wiki ya tano aliomba shelfu ya pembeni ya kuwekea sinia. Fundi akasema shelfu italifanya tanuri liegemee upande mmoja, labda ekseli, ule mhimili wa magurudumu, irefushwe ili magurudumu yasimame mbalimbali. Akasema atafikiria. Alifikiria siku sita, na jioni zote sita walikaa kwenye benchi la karakana wakinywa chai na kufikiria pamoja.

Tusimwonee. Fundi Kesho alikuwa mvivu wa tarehe, si mvivu wa kazi. Lile pipa alilichoma kwa moto mkali siku nzima mpaka mafuta ya zamani yakaisha kabisa, harufu na yote. Sanduku la moto alilichomelea ubavuni, si chini, ili ndimi za moto zisiiguse nyama, moshi tu ndio upite, ulambe nyama, utokee kwenye bomba la upande wa pili. Ekseli aliiweka karibu na sanduku la moto, kwenye uzito wenyewe, na mkono wa kuvutia akauweka upande mwepesi.

"Uzito yaachie magurudumu," alimwambia Kuni siku aliyomfundisha kuliinua. "Wewe ubaki na kazi ya kuelekeza."

Alikuwa amesimama nyuma yake akisema hivyo, mikono yake miwili imeushika mkono wa tanuri kando ya mikono ya Kuni, haikugusana. Kuni aliondoka pale akitembea kama aliyesahau njia ya nyumbani. Alipofika alikuta ameshika mkebe wa chai wa karakana, hajui aliubebaje.

Huko nyumbani ndiko kulikokuwa na maneno.

Mama yake Kuni alikuwa mjane aliyelea watoto kwa kuuza chakula kwenye majengo yanayojengwa. Sufuria kichwani, mkaa mkononi, akawafuata wajenzi popote walipo, na kila jengo lilipoisha na kupakwa rangi, yeye alifukuzwa na walinzi wapya kama vile hajawahi kuwepo. Miaka ishirini. Shingo yake haikugeuka tena vizuri kushoto; ukimwita kutoka upande huo, aligeuza mwili mzima. Kwa hiyo Mizani, mwenye bucha, alipokuja kwa heshima zote na habari ya tanuri la matofali, Mama alisikia kitu alichokiota maisha yake yote: mahali pasipohama.

Mizani hakuwa mtu mbaya. Aliitwa hivyo kwa sababu alipima kila kitu, nyama, maneno, hata salamu. Alikuwa mgane mwenye bucha safi, na tayari alikuwa amechimba msingi nyuma ya bucha lake, matofali yamepangwa. Angemjengea Kuni tanuri, na Kuni angeolewa. Mambo hayo mawili aliyataja kwa pumzi moja, kama nyama na mfupa wake.

"Na yule wako wa mapipa," Mama alisema, "ana nini zaidi ya kesho? Mwanangu, kesho hailiwi."

Walibishana wiki nzima, mpaka wakafika kwenye patano. Kuni alikuwa amepata oda ya kwanza ya kweli: shule iliyo chini ya mteremko ilikuwa inamuaga mwalimu mkuu Jumamosi alasiri, na kamati ilitaka nyama ikatwe mbele ya wageni, ikitoka kwenye moshi wake. Tanuri likifika pale siku hiyo kwa magurudumu yake, Mama hatataja tena matofali. Lisipofika, Jumapili wazee wa Mizani watakaribishwa, na Kuni atawajibu ndiyo.

Fundi aliambiwa habari za oda. Habari za wazee wa Jumapili Kuni alimweleza Ijumaa jioni, wakati tanuri limekamilika, limepakwa mafuta ndani na kuchomwa mpaka likawa jeusi linalong'aa. Fundi alimtazama kwa muda, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema kuni zianze kuwashwa saa kumi na moja alfajiri, yeye atakuwepo. Kuni alisubiri neno jingine. Halikuja. Alirudi nyumbani akijiambia kwamba mwanamume asiyesema kitu siku kama hiyo huenda hana cha kusema.

*

Alfajiri Kuni alimkuta Fundi amefika kabla yake, amefagia, amepanga matawi ya mpera kwa unene wake. Walizungumza habari za moto tu. Saa kumi na mbili vidari vinne viliingia, mfuniko ukashushwa, na moshi mwembamba wa buluu ukaanza kutoka kwenye bomba, moshi uleule Kuni aliokuwa akiutafuta ndani ya debe bovu kwa miaka mitatu. Machozi yalimlengalenga. Alisingizia moshi, na Fundi naye alikuwa muungwana, akasingizia hivyo hivyo.

Saa nne Mama akaja, amevaa gauni lake la kuendea harusini. Fundi alimwamkia, naye akaitikia marahaba bila kumtazama. Ulikuwa wakati wa kuondoka: kushuka mteremko taratibu, matundu ya hewa yamefungwa nusu, nyama imalizikie kwenye uwanja wa shule. Kuni alishika mkono wa tanuri, akauinua. Mzigo wote ule, chuma, moto na nyama, ukanyanyuka kama kiti. Akavuta hatua tano, sita, saba, mpaka getini.

Gurudumu la kulia likagonga nguzo ya geti. Akarudi nyuma, akalenga kushoto. La kushoto likagonga.

Kuni alichukua tepu ya kupimia kwenye meza ya kazi, akapima mwenyewe. Nafasi ya geti ilikuwa sentimita mia moja na kumi na mbili. Kutoka gurudumu hadi gurudumu zilikuwa mia moja ishirini na moja. Alirudia kupima, kama vile chuma kingemhurumia.

Mama alisema hakuna haja ya kuumiza kichwa. Nyama iivie hapo hapo, ikiwa tayari aipange kwenye sufuria, aibebe.

"Kichwani, Mama?" Kuni aliuliza. "Kama wewe?"

Mama alivuta kigoda cha karakana akaketi.

Kuni akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa amesimama na mikono yake imening'inia tu, kama vifaa vilivyosahaulika.

"Ulilipima hili geti?"

"Nililipima."

"Lini?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema mwaka juzi, kabla hajaongeza zile nguzo za chuma baada ya wezi kumchukulia mashine. Mtu yeyote angemwamini, maana kusahau kulimfaa. Kuni aliona jinsi uongo ule ulivyomjia usoni na jinsi alivyouacha upite.

"Siku niliyokata ekseli," alisema. "Shelfu ilitaka ekseli ndefu, nikaikata ndefu. Nikailaza pale chini getini, nikaona haitapita. Ningeweza kuikata upya siku ileile."

"Ukasema kesho."

"Nikasema kesho."

Kuni alihisi joto likimpanda kutoka miguuni, na halikuwa la tanuri. Alizungumza polepole, maana mama yake alimlea akijua kuwa anayepiga kelele hupoteza nusu ya hoja. Alimwambia Fundi kwamba Mizani anataka kumjengea tanuri lisilotoka mahali, lakini angalau amechimba msingi mchana kweupe, kila mtu ameona. "Wewe umeniwekea magurudumu, ukanifundisha kuvuta, ukanisifu navuta vizuri. Kumbe umeshanifungia. Niambie tofauti yenu ni nini, Fundi. Mmoja matofali, mmoja chuma."

Maneno yalimwingia. Ilionekana wazi yakimwingia.

"Hakuna tofauti," alisema. "Nilijiambia, likiwa na magurudumu litaondoka, na wewe utaondoka nalo, na hutakuwa na sababu ya kupita hapa jioni. Nikajiambia likikwama atarudi kunigombeza. Bora anigombeze kuliko asirudi. Sikujua kuna wazee wa Jumapili. Jana uliponiambia nilitaka kuikata usiku kucha, lakini kukata tu hakutoshi, ni kuchomelea upya, na kupaka mafuta upya, na tanuri lisingekuwa tayari alfajiri. Nikaona aibu. Nikanyamaza."

"Basi ndiye huyo," Mama alisema kutoka kwenye kigoda. "Wa magurudumu."

"Mama ana haki," Fundi alisema, akamgeukia. "Kosa hili ni langu peke yangu. Naomba usilihesabu kwa binti yako. Yeye alifanya kila alichotakiwa. Kama patano ni tanuri, basi aliyeshindwa ni mimi, sio yeye."

Hapo hasira ya Kuni ilikosa pa kukaa. Alitazama ile shelfu, chuma safi kilichosuguliwa kingo zote nne ili zisimkate mkono. Ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu tangu siku ilipofungwa.

"Mama," alisema, "nyumbani kwetu tuna masinia mangapi?"

Mama alikunja uso. Alisema hawana sinia, la mwisho lilitoboka mwaka gani huko, na swali hilo linahusu nini?

"Sina sinia. Nimeomba shelfu ya kuwekea sinia, na sina sinia, wala sikuwa na mpango wa kununua. Kulabu ya koleo sikuihitaji. Shelfu sikuihitaji kabisa. Nilitaka wiki nyingine." Akaigonga shelfu kwa kidole. "Kwa hiyo hizo sentimita tisa ni zetu wote wawili. Asizibebe peke yake."

Ndani ya pipa mafuta yalidondoka kwa mlio mdogo. Fundi alikuwa anamtazama Kuni kama mtu aliyesomewa barua akaomba isomwe tena. Walitazamana hivyo mpaka Mama akakohoa.

Kikohozi kile ndicho kilichomrudishia Fundi akili. Tanuri lilikuwa na moto, na ndani yake kulikuwa na saa nne za kazi. Ekseli isingekatwa, wala pipa lisingelazwa. Alilitazama tanuri, akalitazama geti. Akaenda kwenye meza ya kazi, akachukua grinda, mashine ya kukatia chuma, akaanza kuvuta waya.

Kuni alielewa kabla hajafika getini. Alimkumbusha habari za wezi na mashine. Alimwambia zile nguzo amezichomelea mwenyewe, miezi miwili alilala karakana mpaka alipopata chuma cha kutosha.

"Najua nilivyozichomelea," Fundi alisema. "Ndiyo maana najua pa kukata." Alivaa miwani, kisha akaivua tena, akaishika mkononi. "Kuni. Nilipaswa kukwambia kwa mdomo, nikakwambia kwa chuma, na chuma kikakufungia njia. Nakupenda. Nimekupenda tangu kulabu. Hata kama ukitoka na tanuri hili usirudi, bado lazima litoke."

Hakungoja jibu. Kuni aliokota gunia. Alilichovya kwenye ndoo ya maji, akalitandaza kwa mikono miwili, akasimama kati ya grinda na tanuri ili cheche zisiiguse nyama. Cheche zilimwagika juu ya gunia, zikafa moja moja kwa mlio mdogo. Nyuma ya gunia Kuni alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na hapakuwa na wa kumwona isipokuwa tanuri.

Nguzo moja ilianguka. Geti likaanguka nayo, likainamia ukuta. Fundi akakata na kipande cha chini kilichobaki, akakigonga kwa nyundo mpaka kikawa sawa na sakafu, ili gurudumu lisiruke na mchuzi usimwagike.

Alipozima mashine walikuta Mama amesimama. Alikuwa ameuendea mkono wa tanuri, ameuinua kidogo kwa mkono mmoja, kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu kiatu asichokusudia kununua.

"Nyama imo ndani?" aliuliza.

"Vidari vinne, Mama," Kuni alijibu.

"Na moto?"

"Na moto."

Mama aliushusha mkono. Akauinua tena, safari hii mpaka kiunoni, akasogeza tanuri hatua moja mbele na hatua moja nyuma. Mkono wake mwingine ulipanda wenyewe ukashika shingo, upande ule wa kushoto. Alipozungumza sauti ilikuwa ya chini, na hakuwa anasema na mtu.

"Miaka ishirini," alisema. "Kumbe ilikuwa ni suala la kujua uzito uwekwe wapi."

Kisha akarudi kuwa Mama. Alimuuliza Fundi, je, hii karakana ataiacha wazi hivi, na mashine zote hizi? Fundi alisema atabaki kuilinda, Kuni ashuke na tanuri peke yake, ni jepesi, ataweza. Mama akamwambia kwenye mteremko kitu chepesi ndicho kinachokimbia, na kama amejenga magurudumu bila breki basi breki ni yeye, atangulie mbele. Alivuta kigoda chake mpaka pale geti lilipokuwa, akaketi katikati ya nafasi, akaokota ile nyundo akaiweka mapajani juu ya gauni la harusini.

"Nendeni. Wezi wa siku hizi sijui kama watanipita mimi," alisema. "Na hili geti utalirudisha lini?"

Fundi alifungua mdomo. Lile neno lilikuwa tayari mlangoni. Kuni alimtazama, Mama alimtazama, na pengine hata Mizani huko aliko alitega sikio.

"Leo, Mama," alisema. "Jioni."

*

Mwalimu mkuu aliagwa vizuri. Hotuba zilikuwa ndefu, ila hakuna aliyezikumbuka, maana kuanzia saa tisa pua zote za uwanjani zilikuwa zimegeukia upande mmoja. Watu watatu walimwendea Kuni kuuliza kama tanuri hilo linaweza kufika kwao, na wa tatu alikaa mbali kweli. Kuni aliwajibu wote kwamba linafika popote penye njia.

Walipanda na tanuri tupu jua likiwa bado juu ya mapaa, sasa wote wawili wameshika mkono mmoja, na safari hii mikono iligusana na hakuna aliyeiondoa. Mama alikuwa pale pale, nyundo mapajani, akimweleza jirani mmoja kwa sauti ya mtaalamu kwamba siri yote iko kwenye ekseli. Alikuwa ameshatuma ujumbe kwa Mizani. Alimshukuru kwa heshima yake, akamwambia matofali mazuri kama yale hayatakosa ukuta.

Kuni alimkatia mama yake kipande alichomhifadhia, akakiweka juu ya shelfu, kwenye karatasi, na hiyo ikawa kazi ya kwanza ya shelfu. Mama alikula chote. Alipomaliza alilamba kidole, jambo ambalo Kuni hakuwahi kumwona akilifanya.

Fundi alikuwa ameshatoa tepu. Lakini hakupima geti. Alipiga magoti akapima tanuri, kutoka gurudumu hadi gurudumu, akaandika kwa chaki sakafuni mia moja ishirini na moja, akaongeza ishirini, akaanza kuchora mahali nguzo mpya zitakaposimama.

Mama aligeuza mwili mzima kumtazama. Alimuuliza ishirini za ziada ni za nini, geti pana namna hiyo si linakaribisha wezi?

"Ni za kutokea, Mama," Fundi alisema, bila kuinua kichwa. "Asubuhi atoke bila kugonga popote."

Mama aliitazama chaki, akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amekwishachukua ncha ya pili ya tepu bila kuambiwa na kuishika chini imara.

"Ongeza kumi," Mama alisema. "Jioni mtu hurudi amechoka, havuti kwa mstari ulionyooka."

Fundi alifuta chaki kwa kiganja, akaandika upya.